Zoom, Meet au WhatsApp? Nilivyochagua nikiwa na mashine ya alizeti nyuma ya ukuta

Kiwanda chetu kiko Kizota, hapa Dodoma. Nikisema kiwanda usifikirie mageti na walinzi. Ni banda la mabati, mashine mbili za kukamua alizeti, chujio, madumu na chumba kimoja cha ofisi. Ukuta wa ofisi ndio huohuo ulioegemewa na mashine kubwa, kwa hiyo ukiweka kikombe mezani unaona chai inatetemeka. Tuko watu tisa. Nje ya hao tuna mawakala watatu wanaotununulia mbegu: kijana wa Kongwa, dada mmoja wa Singida, na mzee wa upande wa Kolo, Kondoa. Huyo mzee nitamtaja sana, maana ndiye aliyetuchagulia programu ya mikutano ya mtandaoni, ingawa yeye hajui kama alichagua chochote.

Zamani mkutano wetu ulikuwa simu ya mmoja mmoja. Nampigia wa Kongwa, ananipa bei ya gunia. Nampigia wa Singida, anasema kwake wakulima hawashuki hapo. Narudi Kongwa kuuliza, simu inatumika. Msimu ukikolea, Mei kwenda Julai, nilikuwa nafika saa sita mchana sikio limechemka na sijanunua hata kilo moja. Kisha mnunuzi wetu mkubwa wa Dar naye akataka kila Jumatatu tuonane kwa mtandao, aone mzigo uliopo, tupange magari. Hapo ikawa lazima.

Wa kwanza kunishauri alikuwa muuzaji wa vifaa. Kijana nadhifu, kiatu kinang'aa kwenye vumbi la Kizota, akafungua makabrasha: kamera inayozunguka yenyewe kumfuata anayeongea, spika ya katikati ya meza, leseni ya watu 300 kwa mwaka mzima. Nikamuuliza watu 300 nitawatoa wapi. Akasema mama, biashara itakua. Nikamwangalia, nikaangalia meza yangu yenye viti vitatu, kimoja kibovu. Nilimpa lita moja ya mafuta kwa usumbufu nikamwambia nitampigia. Mpaka leo.

Aliyenisaidia kweli ni mdogo wangu anayesoma UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma. Alikuja likizo, akanisikiliza, hakusema habari ya kamera. Aliuliza: "Dada, hao mawakala wananunua bando la namna gani?"

Sikuwahi kufikiria. Wa Kongwa ana bando la mwezi. Wa Singida la wiki. Mzee wa Kolo ananunua la siku, tena siku akiwa na shughuli tu.

Basi mdogo wangu akachukua kaunta buku tunayoandikia mapokezi ya mbegu, akaigeuza nyuma. Zoom wenyewe wanaeleza kwamba video nzuri ya watu wawili inataka kilobiti 600 kwa sekunde kwenda na 600 kurudi, na sauti tupu inataka kilobiti 60 hadi 80. Akaandika 600 mara sekunde 3,600, gawanya kwa 8 kwa sababu baiti moja ni biti nane. Ikatoka MB 270. Kwenda na kurudi, MB 540 kwa saa. Chini yake akapiga hesabu ya sauti kwa ile namba ya juu: 80 mara 3,600 gawanya kwa 8, MB 36, kwenda na kurudi 72. Nikazungushia 540 na 72 kwa kalamu nyekundu. Saa moja ya kutazamana sura ni sawa na saa saba na nusu za kusikilizana. Ukurasa ule bado upo, umeingia doa la mafuta.

Na akanifundisha jambo ambalo watu wengi wanalikosea. Ukizima kamera yako unaokoa kile unachotuma tu. Sura za wenzako zinaendelea kuingia na kula bando lako. Wote wakizima ndipo unapona, au uingie kwenye mipangilio uzuie video zinazoingia. Zoom ina kitufe cha hivyo, na Google Meet ukiwa kwenye simu ina namna ya kubaki na sauti tu.

Tukaanza kujaribu. Zoom kwanza, kwa sababu ndiyo kila mtu aliijua tangu 2020, hata mikutano ya harusi ilikuwa inaitwa "tuwekeane Zoom".

Hapa lazima nisimame kidogo kwenye suala la kelele, maana kwangu lilikuwa ndilo suala. Mashine ya kukamua haiongei, inasaga. Ni mngurumo mzito wenye kijipigo ndani yake, na kila ukimwaga mbegu mpya unapanda sauti. Mdogo wangu alikwenda kukaa nyumbani Ilazo na spika za masikioni, mimi nikabaki ofisini, fundi akawasha. Kwenye mipangilio ya sauti ya Zoom kuna sehemu ya kupunguza kelele za nyuma, nayo ipo hata kwa asiyelipa. Nikaiweka juu kabisa. Nikahesabu moja hadi kumi. Mdogo wangu akaniuliza, "Mbona mmezima mashine?" Haikuzimwa. Chai yangu ilikuwa inacheza mezani.

Nilifurahi hivyo mpaka wiki iliyofuata, beringi ilipoanza kulia. Fundi tunayemwamini yuko Singida. Tukasema tusimtoe huko kwa nauli, tumsikilizishe. Nikapeleka simu pembeni ya mashine, nikasema haya fundi, sikiliza. Kimya. Nikasogeza. Kimya. "Dada, mimi nasikia wewe unahema tu," akasema. Programu ilikuwa inafanya kazi yake barabara: inafuta kelele, na kelele ndiyo tuliyokuwa tunaiuza. Ipo sehemu ya kuruhusu sauti halisi ipite bila kuchujwa, wamewawekea wanamuziki. Tukaiwasha. Fundi akasikiliza kama daktari, akasema ni ile ya upande wa puli, msiipige grisi, ibadilisheni. Ndivyo ilivyokuwa. Kwa hiyo ukiwa na karakana, gereji, mashine ya kusaga, jua vitufe vyote viwili viko wapi.

Dakika 40 za Zoom ya bure watu wanazilalamikia sana. Ni kweli, asiyelipa anapata dakika 40 na watu wasiozidi 100, na tangu 2022 hata mkiwa wawili tu ni hizohizo. Mimi sizilalamikii. Kikao cha mawakala kisicho na mwisho ni ugonjwa. Salamu peke yake, kwa desturi zetu, zinakula dakika sita: shikamoo, marahaba, mvua vipi huko, mifugo, yule mgonjwa. Kwa kuwa wanajua kitakatika, dakika ya saba wanaanza kutaja bei wenyewe.

Google Meet nayo ni ya bure kwa dakika 60 mkiwa watatu na kuendelea, watu 100, na mkiwa wawili mnaweza kukaa hadi saa 24. Kilichonifanya niipende ni mnunuzi wa Dar. Yeye yuko ofisi ya watu, kompyuta za kazini haziruhusiwi kuwekwa programu ovyo. Meet kwenye kompyuta haitaki kuwekwa chochote, unabonyeza linki, inafunguka kwenye Chrome, kwisha. Nikimtumia kwa barua pepe inakaa yenyewe kwenye kalenda yake. Hiyo ndiyo tunayotumia naye mpaka sasa, kila Jumatatu saa nne. Kurekodi haimo kwenye ya bure. Zoom ya bure inakuruhusu kurekodi ukiwa kwenye kompyuta, faili linabaki kwako. Mimi sirekodi, naandika kwenye kaunta buku na mwisho nasoma kwa sauti: magunia mangapi, bei gani, gari linatoka lini. Anayebisha abishe hapohapo. Ukitaka kurekodi waulize watu kwanza. Sura na sauti ya mtu ni taarifa zake, na sheria yetu ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022 inafanya kazi tangu Mei 2023.

Sasa mzee wa Kolo.

Nilimpigia nikamwelekeza aweke Meet. Baada ya nusu saa akanipigia: simu inakataa, inasema imejaa. Nikamwambia jaribu Zoom. Imejaa vilevile. Simu yake ni ya zile ndogo, na ndani kulikuwa na video za arusi tatu na mazishi mawili alizotumiwa na ndugu. Nikamwambia, mzee, ingia kwenye picha ufute chache upate nafasi. Akanyamaza. Akasema, "Mwanangu, kwa hiyo nifute picha ya mjukuu wangu ili nikuone wewe?"

Sikuwa na jibu. Nikaenda kwa mdogo wangu, naye akacheka, akasema si tayari ana WhatsApp.

Na kweli, WhatsApp ilikuwa kwenye simu ya kila mtu wetu tangu mwanzo, tukaipita tukitafuta kitu cha "kibiashara". Simu ya kikundi inabeba hadi watu 32, sisi tuko watano. Haikati kwa dakika. Kwenye mipangilio ya hifadhi na data kuna sehemu ya kutumia data kidogo wakati wa simu. Nilimwelekeza mzee kuiwasha kwa kumtajia rangi na nafasi ya kila kitufe, kazi ya robo saa, lakini ukishaiwasha imewaka. Tangu 2023 unaweza pia kuonyesha skrini, kwa hiyo siku ya hesabu nawaonyesha jedwali la malipo. Kwenye simu ndogo namba hazisomeki vizuri, basi nasoma kwa mdomo. Mzee anapanda juu ya jiwe lake (kule Kolo mawe hayakosi, ndiko kwenye ile michoro ya kale ya miambani) kwa sababu mtandao uko juu ya jiwe tu, na tunamsikia pamoja na upepo.

Udhaifu wake ni kwamba kila mtu anaona namba ya kila mtu. Kwa mawakala wangu si neno. Kwa mteja mpya, hapana. Dada wa Singida aliwahi kuingizwa na mtu mwingine kwenye kikundi cha wafanyabiashara, jioni hiyohiyo akaanza kupokea simu za watu wanaomuuzia viwanja.

Microsoft Teams tuliigusa tu. Ya bure ni dakika 60 na watu 100, na kama ofisi yako tayari inalipia Word na Excel za Microsoft basi huenda unayo na hujui. Mhasibu wetu ndiye aliyeihitaji, maana miaka yote alikuwa mtu wa Skype, na Skype ilifungwa Mei 5, 2025, watumiaji wakaambiwa wahamie Teams. Alihuzunika kama mtu aliyefungiwa baa yake. Jitsi ndiyo kipenzi cha mdogo wangu: ya bure, namna ilivyoandikwa iko wazi kwa yeyote kuisoma, na wageni wanaingia bila akaunti, ingawa tangu Agosti 2023 anayefungua chumba kwenye tovuti yao lazima aingie kwa akaunti ya Google, Facebook au GitHub. Ni nzuri. Ila nikimtumia mnunuzi wa Dar linki ya jina asilolijua anadhani nimedukuliwa.

Kosa langu kubwa halikuhusu programu yoyote. Kipindi tukijaribu, nilichoka kuruhusu watu mmoja mmoja kutoka kwenye chumba cha kusubiri cha Zoom, nikakizima mwenyewe. Tena linki nilikuwa natuma ileile kila wiki. Jumatatu moja tunaongea bei ya kununulia, naona tumekuwa sita badala ya watano. Wa sita hana sura, jina lake ni jina la simu. Nikauliza, "Mwenzetu, karibu, wewe nani?" Akatoka. Wiki hiyo Kibaigwa dalali mmoja alikuwa anawapa wakulima shilingi chache juu ya bei yetu, kila siku, kama anayesoma daftari langu. Siwezi kuapa kwamba ndiye. Ila tangu siku hiyo linki ni mpya kila mara, na chumba cha kusubiri hakizimwi hata kama ni mama yangu anayeingia. Mwaka 2020 dunia nzima ilivamiwa hivyohivyo kwenye mikutano, ndiyo maana Zoom waliamua Aprili ile chumba cha kusubiri na neno la siri viwe vimewashwa tangu mwanzo. Mimi ndiye niliyezima kilichowekwa kunilinda.

Kulipia? Tunalipia mwezi mmoja tu kwa mwaka. Kabla ya msimu tunakaa na viongozi wa vikundi vya wakulima, na mtu anayewafundisha kuanika mbegu zisiingie ukungu. Kikao hicho ni cha asubuhi nzima na hakikatwi katikati. Zoom ya kulipia inaruhusu mkutano hadi saa 30, na anayelipa ni mwenyeji peke yake, wageni wanaingia bure. Hapo ndipo wauzaji wanapowachanganya watu, unauziwa leseni kumi wakati anayeitisha mkutano ni mmoja. Bei ni ya dola, na huduma za namna hii hujilipa upya mwezi ukiisha, kwa hiyo siku ninayolipa ndiyo siku ninayozima kujirudia. Nalipa kwa kadi ya kwenye simu ambayo naiwekea kiasi kilekile kinachotakiwa, isibaki hata mia.

Kama una fedha kidogo ya kutumia, usinunue kamera. Nilinunua pale Majengo spika za masikioni zenye maiki, za waya, bei ya kuku mmoja, na ndizo zilizobadilisha mambo kuliko programu zote. Cha pili ni kale kabetri kadogo ka kushikilia ruta umeme ukikatika. Tulikanunua baada ya siku ya aibu: mnunuzi yuko hewani na bosi wake, namweleza habari ya ubora, giza. Nikaanza kulaumu mgao. Fundi wa hapa kiwandani akachungulia mlangoni akasema taratibu, "Mama, luku imeisha." Ilikuwa zamu yangu kununua. Cha tatu hakiuzwi: mvua. Januari ikigonga mabati ya banda hakuna programu inayokuokoa, unaandika ujumbe kwamba tusogeze hadi saa nane.

Kuna kazi ambazo hatuzipeleki mtandaoni. Mnunuzi mpya lazima aonje mafuta, ayatazame kwenye chupa juani, na mimi nimwone machoni anapotaja siku ya kulipa. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma Julai 2024, naondoka asubuhi, naonana naye Kariakoo, usiku niko kwangu. Zamani safari hiyo kwa basi ilikula siku mbili na mgongo. Kwa hiyo nikihesabu vifaa vyangu vya mikutano, treni naihesabu.

Basi ndivyo tulivyo sasa. Mawakala, WhatsApp, sauti tupu, saa mbili asubuhi kabla jua halijawa kali juu ya jiwe la mzee. Mnunuzi wa Dar, Meet. Fundi na kikao cha mwaka, Zoom. Anayesema biashara iwe na programu moja tu hajawahi kununua alizeti wilaya tatu kwa wakati mmoja.

Mzee amepata simu nyingine mwezi uliopita, mwanawe amemletea, ina nafasi ya kutosha. Jumatatu iliyopita akaingia kwa video bila kutuambia. Tukaona kidevu, ukingo wa kofia na mawingu mengi.

"Mnaniona?"

"Tunakuona mzee, shikamoo."

"Marahaba. Mie nawaona wote. Wewe wa Kongwa umenenepa."

Akatuzungushia simu tuone magunia, arobaini na mbili, yamepangwa vizuri chini ya mti. Tulipofika kwenye bei, bando lake likaisha.